Nguvu na Subira katika Kazi ya Fundi

Yako maswali ambayo wenye elimu huyatafuta katika vitabu vikubwa, nasi twaweza kuyakuta kando ya barabara, chini ya turubai la fundi wa baiskeli. Swali letu la leo ni moja la namna hiyo: Ni lini mtu anayo haki ya kutumia nguvu juu ya kitu kisichotaka kuachia? Na kitu hicho kikivunjika mikononi mwake, ni nani atakayejibu?

Labda mtu atacheka na kusema, "Swali hilo ni la wanafalsafa, fundi ana nyundo yake tu." Lakini ni nyundo hiyo hasa inayotulazimisha kuuliza. Asiye na nguvu yoyote haulizwi namna alivyoitumia. Anayeulizwa ni yule mwenye nyundo mkononi na mali ya mwenzake mbele yake.

Baiskeli si kitu cha mchezo

Anayetoka Goma kwa barabara ya Rutshuru hufika Kanyaruchinya kabla ya Kibati, chini ya mlima Nyiragongo. Huko ardhi ni mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa mlima. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na moto wake ukashuka upande huo ukaikata barabara. Mwaka 2012, na tena tangu mwaka 2022, watu wengi sana waliokimbia vita vya Rutshuru walijenga vibanda vyao juu ya mawe hayo ya Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilipokwisha kutekwa na kundi la M23, kambi za kandokando ya mji ziliondolewa, na watu wakajitwika tena mizigo yao.

Kwa barabara hiyo hiyo chukudu za mbao na baiskeli hushuka kutoka milimani na viazi, makabichi na makaa ya kuuza mjini. Basi baiskeli kwa watu wa huko si kitu cha kuchezea. Ni punda wa nyumba. Wakati wa amani hubeba mavuno, na wakati wa kukimbia hubeba sufuria, godoro, na mtoto asiyeweza kutembea. Anayemkabidhi fundi baiskeli amemkabidhi chakula cha kesho.

Sasa tuseme kwamba mjane mmoja analeta kwa fundi baiskeli ya zamani, nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma virefu. Ilikuwa ya marehemu mume wake. Kijana wake amekua, magoti yanagonga usukani, na mama ataka usukani upandishwe juu kidogo ili kijana apate kuiendesha na kubeba mizigo. Fundi anasema, "Mama, kazi hiyo ni ya dakika tano." Analegeza bolti ya juu, anashika usukani kwa mikono miwili, anavuta. Usukani hauendi juu wala chini, hauzunguki kulia wala kushoto. Umeshikamana na uma wa mbele kana kwamba ni chuma kimoja. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

Ni nini kinachoshika?

Kabla ya kusema lolote juu ya haki na wajibu, yafaa tujue jinsi kitu hicho kilivyo. Maana anayetaka kuhukumu bila kujua hukosa mara mbili.

Usukani wa baiskeli za namna hiyo una shingo, yaani bomba jembamba linaloingia ndani ya bomba la uma wa mbele. Chini ya shingo kuna kabari ya chuma. Bolti ndefu hupita katikati ya shingo kutoka juu mpaka kwenye kabari hiyo. Bolti ikikazwa, kabari huvutwa juu na kuibana shingo kwenye ukuta wa bomba la uma. Hivyo usukani hushikwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni.

Basi shingo ikigoma, zaweza kuwapo sababu nne, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kabari yenyewe. Bolti imelegezwa, lakini kabari imebaki juu palepale, imekwama. Dawa yake ni kulegeza bolti mizunguko michache tu, isitoke yote, kisha kuweka kipande cha mbao juu ya kichwa chake na kukigonga kwa nyundo kuelekea chini. Kabari hushuka, na mara nyingi kazi huwa imekwisha. Angalieni kwamba dawa hapa ni kugonga chini, ingawa haja yetu ni kupandisha juu.

Sababu ya pili ni kutu. Shingo ni chuma, na bomba la uma ni chuma; maji ya mvua yameingia kati yao miaka mingi. Tena huko chini ya Nyiragongo mlima hutoa gesi ya salfa, nayo ikikutana na mvua huyafanya maji kuwa makali, yakala mabati na vyuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo pale palipokuwa na nafasi nyembamba kati ya bomba na bomba pamejaa, na pamejibana. Dawa yake ni mafuta yanayopenya, na muda. Yapo ya kununua katika mikebe. Asiyeweza kuyanunua huchanganya mafuta ya taa na mafuta ya injini. Huyatia kwa juu, kisha huigeuza baiskeli miguu juu, akayatia tena kwa chini kupitia tundu la uma, akaiacha usiku kucha.

Sababu ya tatu huonekana katika baiskeli za siku hizi zaidi kuliko zile za zamani: shingo ni ya alumini, na uma ni wa chuma. Madini mawili ya namna mbili, yakikaa pamoja na maji yenye chumvi kati yao, hata chumvi ya jasho la mwendeshaji, huanza kulana. Alumini huota unga mweupe mgumu unaobana kuliko kutu. Hapo moto hautumiki ovyo, kwa sababu alumini ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma, ikazidi kukaza. Afadhali kuipoza shingo, nayo hujikunja.

Sababu ya nne ni kosa la zamani. Shingo nyingi zina unene wa milimita 22.2, lakini baiskeli za Kifaransa za zamani zilitengenezwa kwa milimita 22.0. Tofauti hiyo ni sehemu mbili tu za milimita moja iliyogawanywa kumi, na jicho haliioni. Mtu mmoja zamani hakuona, au aliona akapuuza, akapigilia shingo nene katika bomba jembamba. Tangu siku hiyo ugomvi uliwekwa ndani.

Basi twaona kwamba "kugoma" si jambo moja. Kwa macho ya nje mambo manne yanafanana kabisa: mtu anavuta na kitu hakiji. Lakini ndani sababu ni mbalimbali, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine.

Nguvu ya kipofu

Fundi asiyejua mambo hayo ana jibu moja kwa yote manne: kuongeza nguvu. Anawaita vijana wawili washike gurudumu la mbele, anatia bomba refu kwenye usukani, anakaza meno, anazungusha. Kitu fulani kinalia, "Ka!" Vijana wanashangilia. Lakini kilicholia si shingo. Shingo ingali palepale. Ni uma uliojipinda, au bomba lake limepata ufa. Na kumbe kabari haikuwa imegongwa hata mara moja!

Aristoteli, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha kwamba tendo la kulazimishwa ni lile ambalo chanzo chake kiko nje, na kile kinacholazimishwa hakichangii chochote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyafuata maneno hayo na kuyaeleza. Tukiyatumia katika kazi yetu, twaona tofauti kati ya mafundi wawili. Wa kwanza anataka nguvu yote itoke kwake, na chuma kishindwe tu. Wa pili anatafuta jambo ambalo chuma chenyewe kitachangia. Mafuta hupenya kwa sababu ndiyo asili yake. Kabari hushuka kwa sababu imechongwa hivyo. Alumini hujikunja kwenye baridi kwa sababu Muumba ameiumba hivyo. Fundi huyo wa pili hatumii nguvu chache kwa kuwa ni dhaifu; anatumia chache kwa kuwa amepata msaidizi ndani ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni hili: mtu hana haki ya kutumia nguvu kabla ya kuuliza ni nini kinachoshika. Nguvu isiyouliza ni udhalimu, hata juu ya chuma. Siyo kwa sababu chuma kina haki zake, bali kwa sababu chuma hicho ni cha mama fulani, na nyuma ya mama huyo kuna watoto.

Subira ni kazi

Watu wengi hudhani kwamba subira maana yake ni kukaa. Wanasema, "Fundi yule ana subira," wakimaanisha kwamba ameketi kivulini na baiskeli za watu zimelala. Hiyo si subira, ni uvivu uliovaa kanzu ya fadhila.

Mtakatifu Tomaso anaiweka subira chini ya fadhila ya ushupavu, yaani ile fadhila ya nguvu ambayo ni moja katika fadhila nne kuu, pamoja na busara, haki na kiasi. Tena anafundisha jambo linaloshangaza: kwamba tendo kuu la ushupavu ni kustahimili, kuliko kushambulia. Kwa nini? Kwa sababu anayeshambulia hujiona ana nguvu, na kazi yake huwa ya ghafula. Bali anayestahimili hukaa na ugumu mbele yake muda mrefu, wala hakimbii. Kushambulia kwahitaji saa moja ya hasira. Kustahimili kwahitaji moyo wa siku nzima.

Mwangalieni basi fundi mwenye subira. Jioni anatia mafuta, anaigeuza baiskeli, anaiacha. Asubuhi anatia tena. Anagonga shingo pande zote kwa nyundo nyepesi na kipande cha mbao, ili mtikisiko ufungue njia za mafuta. Anaubana uma katika jiliwa, pale juu kwenye kichwa chake palipo pagumu, na vipande vya mbao pande mbili. Hawezi kuishika miguu ya uma wala gurudumu, kwa sababu anajua vitapinda. Anazungusha usukani kidogo kulia, halafu kidogo kushoto. Hakuna kitu. Anatia mafuta. Siku ya pili usukani unasogea kiasi cha unene wa ukucha. Hapo hapigi kelele wala haongezi bomba. Anaurudisha ulikotoka, anatia mafuta tena katika nafasi hiyo mpya, anausogeza tena. Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Hiyo ndiyo subira: ni kazi nyingi ndogo ndogo, kila moja ikingoja matunda ya mwenzake.

Lakini yuko anayengoja

Hapa mtu wa Kanyaruchinya anayo haki ya kutukatiza na kusema: "Mwandishi, maneno yako ni mazuri, lakini mimi nakula leo nilichobeba leo. Fundi akiniambia nirudi kesho kutwa, watoto wangu watakula subira yake?"

Neno hilo ni la kweli, wala tusilipite upesi. Watu waliohamishwa mara tatu, wakaambiwa kila mara wavumilie, wamechoka kusikia neno hilo likitoka vinywani mwa walioshiba. Subira ni fadhila ya yule anayeshika nyundo; si fimbo ya kumpigia yule anayengoja. Anayehubiri subira huku gharama yake yote ikilipwa na mwingine hana fadhila yoyote. Anatumia tu jina lake.

Basi haki yataka nini? Yataka fundi abebe sehemu ya mzigo wa kungoja. Amweleze mama mambo wazi tangu mwanzo: "Mama, nilikuambia dakika tano kwa sababu sikujua yaliyo ndani. Sasa nimejua. Nikilazimisha leo, naweza kukuvunjia uma. Nikipewa siku mbili, natumaini itatoka." Asimdai fedha kwa kila tone la mafuta. Akiwa na baiskeli nyingine ya kuazima, aiazime. Na kama hana, basi afanye hesabu pamoja na mama: hasara ya siku mbili bila baiskeli, na hasara ya kuikosa kabisa. Hesabu hiyo ni ya mama kuamua, kwa sababu njaa ni yake na baiskeli ni yake. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba anayeamua anayajua yote ambayo fundi anayajua.

Twaona basi kwamba tofauti kati ya subira ya kweli na subira ya uongo si urefu wa siku. Tofauti ni nani anayebeba uzito wake.

Siku ya msumeno

Je, ikiwa mafuta yametiwa siku nyingi, nyundo imegonga, jiliwa limebana, na shingo ingali imegoma? Wako watu ambao huipenda subira hata kuifanya sanamu. Wanaogopa kukata. Lakini busara, ambayo ndiyo kiongozi wa fadhila zote, husema: kila njia ina mwisho wake, na anayekataa kukata wakati umefika huwa amemwacha mama bila baiskeli kwa heshima ya fundi tu.

Hata hivyo kukata nako kuna utaratibu. Sharti la kwanza ni kuchagua kitakachopotea. Kati ya shingo na uma, uma ndio unaobeba uhai wa mwendeshaji. Shingo yaweza kununuliwa nyingine. Kwa hiyo hukatwa shingo, na uma huokolewa. Fundi hukata shingo kwa juu, akitoa usukani. Kisha, kwa kipande cha msumeno mwembamba, hukata ufa kwa ndani ya mabaki ya shingo kutoka juu mpaka chini, polepole, akiangalia meno ya msumeno yasiuume ukuta wa uma. Ufa ukiisha kukatwa, mabaki hukunjwa ndani na kutoka. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, nayo ni kazi ya subira kama ile ya kwanza. Anayedhani kwamba msumeno ni mwisho wa subira hajaushika.

Wako wanaotumia ile soda kali ya kutengenezea sabuni kuyeyusha shingo ya alumini. Kweli huila alumini na kuacha chuma. Lakini huunguza ngozi na kupofusha macho, na mvuke wake una gesi inayowaka moto. Mahali penye watoto wanaozungukazunguka, kama palivyo kwa mafundi wengi wa barabarani, ni afadhali msumeno.

Sharti la pili ni kuomba ruhusa. Katika baiskeli za zamani zenye breki za vyuma, mara nyingi shingo na usukani vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na mikono ya breki imeshikwa hapo hapo. Anayekata shingo ameua usukani mzima pamoja na sehemu ya breki, na vipuri vya namna hiyo havipatikani kila soko. Huenda mama akasema, "Basi, iache ilivyo, kijana atainama." Na huenda akasema jambo ambalo fundi hakulifikiri: kwamba usukani huo mikono ya marehemu iliung'arisha, naye hataki ukatwe. Jambo hilo halina bei, lakini ni sababu halali. Fundi mwenye haki huiheshimu.

Basi jibu la pili la swali letu ni hili: nguvu ya kuvunja ni halali pale tu ambapo njia nyingine zimekwisha, kinachovunjwa ni kidogo kuliko kinachookolewa, na mwenye mali amekubali akijua.

Ufa chini ya rangi

Imebaki sehemu ya swali iliyo ngumu kuliko zote. Tuseme fundi alilazimisha, na uma ukapinda kidogo. Hakuna aliyeona. Anaunyosha kwa nyundo, anapaka rangi nyeusi, anairudisha baiskeli. Usukani umepanda, mama amefurahi, amelipa. Nani amedhulumiwa?

Chuma kilichopindwa na kunyoshwa si chuma kile kile tena. Huweza kuwa na ufa mdogo chini ya rangi, na ufa hukua kila gurudumu linapopiga jiwe. Barabara ya kutoka Kibati kushuka Goma ina mteremko, na mawe hayakosekani. Kijana atashuka na gunia la viazi nyuma. Siku moja, labda baada ya miezi sita, uma utakatika katikati ya mteremko, mbele ya lori. Watu watasema, "Ni bahati mbaya." Wengine watasema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Fundi peke yake atajua, ikiwa bado anakumbuka.

Mtakatifu Tomaso aliuliza kama muuzaji analazimika kusema kasoro ya kitu anachouza. Akajibu kwamba kasoro ikiwa imefichika, nayo yaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, hapo kunyamaza ni udanganyifu. Ikiwa ndivyo kwa anayeuza mali yake mwenyewe, je, haizidi kwa yule anayerudisha mali ya mwingine? Kuvunja kwa bahati mbaya si dhambi. Chuma cha zamani huvunjika hata mikononi mwa fundi bora. Dhambi huanzia kwenye kopo la rangi.

Ni vigumu kusema, "Mama, nimeuharibu uma wako." Fundi atahofia jina lake, tena labda hana fedha za kununua uma mwingine. Lakini akisema, deni lake ni uma mmoja, nalo laweza kulipwa kidogo kidogo. Akinyamaza, deni lake ni mtoto wa mtu. Tena namwambia mwenye baiskeli: fundi akija na kukwambia ukweli kama huo, usimtukane mbele za watu. Ukimfanya alipe kwa aibu kuliko kwa fedha, utakuwa umemfundisha yeye na wote wanaosikiliza kwamba rangi ni nafuu kuliko ukweli.

Mtu si chuma

Msomaji ameona tayari kwamba maneno haya yanaelekea mbali kuliko baiskeli. Nyumbani yuko kijana aliyegoma. Kati ya majirani uko uadui ulioshikamana miaka mingi, hasa pale watu walipokimbia na kurudi, wakakuta mipaka ya mashamba imesogezwa. Nasi mara nyingi tunawaendea kama yule fundi wa kwanza: tunatia bomba refu, tunaita vijana wawili wa kushika. Yafaa tuulize kwanza: Ni nini kinachoshika? Je, ni kabari moja, neno moja la zamani, ambalo likigongwa polepole litaanguka? Au ni kutu ya miaka? Au tangu mwanzo tuliwabana watu wawili mahali pasipowatosha?

Lakini mfano huu una mpaka wake, wala tusiuvuke. Shingo ya usukani, mwisho wa yote, yaweza kukatwa. Mtu hakatwi. Chuma hakina hiari. Mtu anayo, na kwa hiyo hakuna siku ya msumeno juu ya roho ya mtu. Mungu mwenyewe, mwenye nguvu zote, anabisha hodi na kungoja. Nabii Isaya alimtangaza Mtumishi wa Bwana kuwa ni mpole hata kwa utete uliopondeka tayari. Mzazi, mwalimu, katekista na padri wakikosa kumfungua mtu, hawana ruhusa ya kusema, "Basi, na avunjike." Wana ruhusa ya kutia mafuta tena kesho asubuhi.

Grisi kidogo

Mwisho, tumsindikize fundi wetu mpaka amalize kazi. Shingo imetoka. Anasugua kutu yote ndani ya bomba na nje ya shingo, anapangusa kwa kitambaa. Anaangalia ile alama iliyochorwa kwenye shingo nyingine, inayoonyesha kiasi gani lazima kibaki ndani, asiipandishe kupita hapo kwa kumpendeza kijana mrefu. Na kabla ya kuirudisha anapaka grisi, nyembamba, pande zote, na juu ya kabari pia. Kazi hiyo huchukua dakika moja.

Taabu yote ya siku hizo mbili ilitokana na mtu mmoja wa zamani ambaye hakupaka grisi hiyo. Labda alikuwa na haraka. Labda alijua kwamba shingo ikigoma, hatakuwapo. Hakuiba kitu, hakumpiga mtu, wala hakuna aliyemlaumu. Aliacha tu dakika moja ya kazi ambayo haionekani.

Anayepaka grisi leo hataiona faida yake. Mama hajui kwamba imepakwa, kijana hatashukuru. Atakayefaidika ni fundi mwingine, miaka kumi au ishirini ijayo, ambaye atalegeza bolti, atagonga mara moja, na usukani utatoka. Fundi huyo hatajua amwombee nani. Tunapomwadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei, sikukuu aliyoiweka Papa Pio XII mwaka 1955, tumwombe atufundishe mapendo ya namna hiyo: kumpenda jirani ambaye hatutamwona, kwa kazi ambayo hakuna atakayeiona, ndani ya bomba lenye giza.